Mlio Aliousikia Mbwa wa Kornelio

Miezi miwili baada ya Kornelio kuzikwa kando ya mianzi, nyuma ya nyumba yake pale Njombe, mbwa wake alianza kufukua kaburi. Hakufukua ovyo. Alianza pale Telesia, mjane wa marehemu, alipofungua redio ya betri aliyoachiwa, na ilipozimwa aliacha.

"Kaka anamwita," alisema Hilari, shemeji yake. "Redio hiyo aliinunua yeye." Tangu siku hiyo Hilari hakuingia tena ndani. Akija kusalimia, alisimama uani.

Telesia akatuma salamu Makambako kwa dereva wa lori, aitiwe fundi wa redio. Fundi Methusela alifika Jumamosi mchana, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mashamba. Alisikia vizuri kwa sikio moja tu. La pili liliharibikia vitani Burma.

"Kamwene, mama," alisalimia, akaweka kisanduku chake chini.

Alipoiwasha redio, mbwa akainuka, akatoka, akaanza kufukua kaburi. Fundi akapunguza sauti mpaka muziki ukapotea kabisa. Mbwa akaendelea kufukua. Kisha fundi akachomoa waya mmoja wa spika. Mbwa akasimama, akatazama huku na huku kama mtu aliyeitwa halafu akasahauliwa.

"Spika inatoa mlio," alisema Methusela. "Ni mwembamba mno, masikio yetu hayaufikii. Mbwa anausikia."

"Na kwa nini aende kaburini?"

Fundi aliinamia kisanduku. "Hilo silijui, mama."

Akatoa kapasita, kifaa cha kumeza mlio, chenye ukubwa wa kidole gumba, akapasha chuma cha kulehemu kwenye mkaa, akailehemu katikati ya nyaya mbili za spika. "Ule mlio utapotelea hapa. Maneno yatabaki."

Redio ikafunguliwa. Mtangazaji akasoma bei ya pareto. Mbwa alilala kizingitini, matope kwenye makucha, hakuinua hata kichwa.

Telesia akamtazama mbwa.

"Nilikuwa naifungua hata kama sisikilizi," alisema. "Nilitaka kumwona mbwa akienda kwa Kornelio."

"Naweza kuitoa hiyo kapasita," alisema fundi.

"Iache. Mbwa amechoka."

Honi ya lori la Makambako ililia barabarani. Telesia akamwomba fundi akae mpaka taarifa ya habari iishe. Akakaa, lori likaondoka bila yeye. Kila mara mtangazaji aliponyamaza kuvuta pumzi, wote wawili walitazama kwenye mianzi.