Doti Thelathini za Somoe

Habari ilifika Mbagala kabla ya mwenyewe: Somoe wa Kinondoni, mwanamke aliyeleta kanga za Japani nyingi mpaka akaitwa Meli, kamnyima mteja doti mia.

Mambo yalianza mwezi uliopita, alipokwenda Mbagala kumwamkia shangazi yake, Bi Mwanabaraka. Akakuta jungu la rangi limelazwa ubavu, kuku anaatamia ndani. Jungu lile ndilo lililomlea Somoe. Humo yalichemka magome ya mkoko, marekani, ile pamba nyeupe, ikatoka nyekundu kama udongo wa Pugu, na wanawake wa Mbagala wote wakaivaa.

"Shikamoo, shangazi. Mbona jungu limepoa?"

"Marahaba. Muulize huyo anayeuza doti kwa bei ya embe."

Somoe akacheka, kisha akalitazama tena lile jungu. Palepale, bila kulazimishwa na mtu, akasema, "Kuanzia leo huku naleta doti thelathini kwa mwezi, basi. Na za sare siuzi. Sare ni zenu."

"Njaa utaiweza, mwanangu?"

"Kinondoni nauza nitakavyo. Huku nimejifunga mwenyewe."

Sasa Bwana Kondo wa Mbagala anaoza binti, anataka doti mia za sare.

"Thelathini za mwezi huu zimekwisha," Somoe akamwambia.

"Nipe za mwezi ujao."

"Hata ujao, sare siuzi. Nenda kwa Bi Mwanabaraka."

"Mchuuzi gani wewe, unafukuza mteja?"

"Mie mtoto wa jungu, Bwana Kondo."

Kondo akaondoka anasonya, lakini harusi haingoji. Kuku akahamishwa na mayai yake. Siku nane Bi Mwanabaraka na majirani sita walikoka moto, wakachovya, wakaanika, hata ua ukawa mwekundu.

Siku ya harusi wanawake walitoka kwa ngoma, wekundu watupu, mstari usio na mwisho. Somoe alisimama pembeni na kanga yake ya Japani, peke yake, roho imemjaa.

"Meli imekosea bandari," mmoja akamtania, na wengine wakaangua kicheko.

Bi Mwanabaraka, mikono myekundu mpaka viwikoni maana alikataa kuiosha, akamtupia kitu begani. Doti nyekundu, bado ina harufu ya moshi.

"Kondo aliagiza mia," akasema. "Mie nilitia mia na moja. Vaa, uingie mstarini."