Mapanki Chini ya Rasiberi

Mama Daksha alikuwa ameshika mche uliokauka, kaushika kwa vidole viwili kama mtu aliyekamata panya kwa mkia.

"Mzee Nkwabi," akasema, "huu wa pili. Mwingine ukifa, au masika ikiisha bila ua hata moja, unafungasha."

Kufungasha si neno la kunitisha mimi. Nimefungasha Korogwe kwenye mkonge, nimefungasha Geita kwenye mashimo ya dhahabu, na Kigoma nilifungasha kabla sijafungua. Lakini mwaka ule, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, nilikuwa nimeshapita sitini, magoti yanalia kama bawaba, na nyuma ya nyumba yake, kule juu kwenye mawe ya Isamilo, nilikuwa na chumba cha mtunza bustani. Sakafu ya saruji, dirisha la wavu, kitanda cha chuma. Nilikuwa nimekipenda kile chumba kuliko nilivyowapenda wake zangu wawili, na wao wangekuambia hivyohivyo.

Sasa chumba kilikuwa kimefungwa kwenye rasiberi.

Kwa asiyeijua, rasiberi ni mmea wa miiba, fimbo ndefu zinazopinda zikitafuta pa kukuchana, na matunda yake ni madogo, yamekusanyika kama shanga. Dada yake Mama Daksha alileta miche saba kutoka Kericho, imeviringishwa kwenye gazeti bichi. Mama akaniuliza kama naijua. Nikamwambia, "Mama, hiyo nimeilea." Sikuwa nimeiona hata kwenye picha.

Ile miwili iliyokufa niliiua kwa mbolea. Enzi hizo mbolea ya bei ya serikali ilikuwa imeshakwenda zake, ghala la ushirika wamebaki popo, na kila mtu alikuwa muuza mbolea, hata wauza mitumba. Mama Daksha alinunua mfuko wa ile nyeupe ya chembechembe. Nami nikafikiri, kama kijiko ni dawa, kopo litakuwa afya kabisa. Nikamwaga kopo zima shinani, saa saba za mchana. Siku ya nne miche miwili ilikuwa kama imepigwa pasi.

Paskazia alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Paskazia alikuwa mpishi, Mhaya wa Muleba, na aliamini kilimo kilianzia kwao, mvua ikaja baadaye.

"Msukuma mzima!" akasema. "Umezaliwa zizini, umenyonya na ndama, halafu unasahau samadi! Nenda Buswelu ukalete mavi ya ng'ombe yaliyooza, mzee, mti upate kula."

"Mimi sifundishwi na mtu wa ndizi."

"Ndizi zetu zinazaa. Wewe unachozaa ni kuni."

Asichojua ni kwamba nyumbani nilitoroka nikiwa na miaka kumi na miwili kwa sababu ya samadi hiyohiyo. Kila alfajiri kapu kichwani, na mvua ikinyesha linachuruzika mpaka mdomoni. Sikuzunguka nchi hii miaka hamsini ili nirudi chini ya kapu. Nikaapa nitapata njia nyingine.

Njia niliiona Igogo. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa pale ziwani, sangara anaingia mzima, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tunabakiwa na mapanki, yaani kichwa na mfupa wa mgongo. Akina mama walikuwa wanayaanika na kuyakaanga. Na pembeni ya uwanja wao wa kuanikia niliona mmea wa boga umepanda juu ya kibanda, umeshuka upande wa pili, umeanza kibanda cha jirani. Majani mapana kama ungo. Nikajiambia, kilichomshibisha boga kitamshibisha rasiberi.

Tatizo lilikuwa geti. Mama Daksha na jamii yake hawali chenye damu. Nyama, samaki, yai, hakuna kinachovuka geti lile. Paskazia alikuwa anakula dagaa wake kwake Igogo na kusukutua mdomo kabla ya kupanda mlima. Ndiyo amri ya nyumba, na walituajiri kwa amri hiyo. Lakini nikajitetea moyoni kwamba mimi simpi mtu samaki. Nampa mti.

Basi Jumatano moja nikaenda mpaka mlango wa kiwanda kimoja, nikapanga foleni na akina mama wenye mabeseni, nikapata nusu gunia. Nageuka, nakutana uso kwa uso na bwana mmoja amevaa koti jeupe, kofia ya nailoni kama mama anayetoka kusuka, na viatu vya mpira vyeupe mpaka magotini. Mkononi ananing'iniza sangara wa kilo kumi, anamfokea mtu kwa ajili ya mizani.

Alikuwa Bwana Chandrakant, mume wa Mama Daksha. Bosi wangu.

"Mzee Nkwabi," akasema.

"Bosi."

"Unafanya nini hapa?"

"Napita tu, bosi. Na wewe?"

"Napita."

Tukabaki tunatazamana, mimi na gunia langu, yeye na samaki wake.

"Barafu," akasema mwishowe. "Biashara yetu ya pamba imeanguka, unajua. Mimi huku nauza barafu."

"Naiona, bosi. Ina mapezi."

Akamweka yule sangara chini taratibu, kana kwamba akimweka taratibu hatakuwa samaki. "Nina hisa kidogo," akasema kwa sauti ya chini. "Kidogo sana. Mama asijue."

"Asijue habari ya nani, bosi? Yako au yangu?"

Akalitazama gunia, akaelewa. "Zote," akasema. Na kuanzia siku hiyo kila Jumatano mlinzi alinitunzia gunia zima, limefungwa vizuri, salamu kutoka ofisini.

Nilikuwa nazika mchana, Mama Daksha akiwa amelala baada ya chakula. Nachimba kuzunguka mashina, natandaza mapanki, nafukia, juu naweka gugumaji kutoka ziwani kuua harufu. Na rasiberi, bwana wee! Zilipandwa na wazimu. Fimbo zikanenepa kama kidole gumba, majani yakafunika ukuta, yakaingia kwenye kamba ya nguo na kushika sari. Mama Daksha alikuwa anasimama pale asubuhi na kikombe chake cha chai, anatabasamu.

"Mzee Nkwabi, mkono wako una baraka."

Bosi, nyuma yake, chai ilikuwa inampalia.

Paskazia peke yake hakusifu. Alipita, akashika jani, akaligeuza. "Ua liko wapi?"

"Linakuja."

"Haliji. Umeulisha mti mpaka umesahau kuzaa. Majani tu! Utampikia dada yake wa Kericho kisamvu cha miiba?" Kisha akanusa. Akanusa tena. "Mzee, mimi nina watoto wa kusomesha. Sijanusa kitu."

Aprili ikaingia, ua hakuna. Nilichopata ni wageni. Kwanza paka, halafu kenge mmoja wa mawe ya kule juu, mnene, anatembea kama diwani. Mwishowe wakaja korongo, wale wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Wanne. Walisimama ukutani siku nzima wakitazama rasiberi kama warithi wanaosubiri mgonjwa. Mama Daksha akauliza wanataka nini. Nikamwambia ni dalili ya mvua nzuri.

Jumapili ile akina mama wenzake walikuwa wamekuja kusali. Walikuwa wameketi barazani, wamemaliza nyimbo zao, wanagawana vitamu kwenye sinia. Mimi nilikuwa kwenye kona naokota majani ili nionekane. Korongo mmoja akashuka. Akatembea mpaka shina la tatu, akatumbukiza mdomo mpaka machoni, akavuta. Akavuta tena. Kikatoka kichwa cha sangara, mdomo wazi, na mgongo mzima nyuma yake, una urefu wa mkono wangu. Nikamrushia jembe. Yule ndege badala ya kuruka nje akapita barazani, akatembea katikati ya akina mama na sinia, ule mkia wa mifupa ukiburuta juu ya mkeka, polepole, kama bibi harusi.

Sitaeleza makelele. Baada ya nusu saa wageni walikuwa wameondoka, na Mama Daksha alikuwa amesimama bustanini, peku, uso mweupe. Bosi alikuwa ametokea ndani. Paskazia alikuwa mlangoni anafuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Nani?" akauliza Mama Daksha. Sauti ilikuwa ndogo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilitafuta mbolea. Kosa ni langu."

Na nilikuwa nimeshakubali, nakuambia ukweli. Nilikuwa nimeshaanza kukunja blanketi moyoni na kujiuliza mabasi ya Nyegezi yanaondoka saa ngapi. Bosi angenyamaza tu, tungeishia hapo. Lakini mwenye hatia hajui kunyamaza. Akaanza kunihubiria.

"Mzee mzima!" akasema. "Unakula kwetu, unalala kwetu, hujui mila ya nyumba hii? Samaki! Mimi hata harufu yake tu kichwa kinauma! Lazima aondoke, Daksha. Leo. Leo hii!"

Ile "leo hii" ndiyo iliyonichoma. Angesema kesho, nisingesema kitu.

"Sawa, bosi," nikasema. "Basi kesho ukifika kwenye barafu mwambie mlinzi gunia langu la Jumatano asinitunzie tena."

Sahani ya Paskazia ilisimama.

Mama Daksha akamgeukia mume wake. "Barafu gani inatoa samaki?"

"Daksha, huyu mzee anasema—"

"Lete ufunguo wa gari."

Akaenda mwenyewe, akafungua nyuma ya gari. Vile viatu vya mpira vilikuwa pale, vimelala juu ya koti jeupe, na magamba ya sangara yamebandika mpaka juu, yanametameta kama vishaufu. Aliufunga mlango wa gari kwa upole, akarudi.

"Mzee Nkwabi, wewe umekosa, na umesema," akaniambia. "Yeye amekosa na amekufukuza. Sasa sikilizeni. Kila mfupa utoke katika udongo wangu. Mtachimba wawili. Miti ikitoa maua, mzee unabaki. Isipotoa, nawafukuza wote." Akamtazama mumewe toka nywele mpaka miguu. "Na mpaka hapo, mtu mwenye magamba halali ndani."

Saa kumi jioni nilisikia hodi. Bosi alikuwa amesimama mlangoni kwangu, godoro chini ya kwapa, mto umebanwa kidevuni.

"Sogea," akasema.

Nimelala na wengi katika maisha yangu, wachimbaji, mabaharia, wafungwa wawili na mchungaji mmoja. Hakuna aliyekoroma kama mwenye hisa.

Tulichimba siku nne. Kwa kuwa hakuwa na viatu vingine vya shamba, bosi alichimba na vilevile vyeupe vya kiwandani, Paskazia akituongoza kutoka dirisha la jikoni kama nahodha wa meli.

"Mfupa huo hapo, bosi! Nyuma yako! Mzee Nkwabi, usikate mzizi, wewe! Mkono wako wa mkonge huo!"

Kisha nikaenda Buswelu, kwa Masele mfugaji, kuomba samadi. Ile ya zamani, iliyooza mpaka imekuwa nyeusi, ukiishika inamomonyoka, hainuki kitu. Masele akanipa, akaniuliza mzee wa umri wangu anabebaje peke yake. Nilibeba. Kichwani. Mvua ikanikuta njiani, ikachuruzika palepale ilipokuwa ikichuruzika nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Paskazia akatuonyesha. Samadi kidogo, shibiri moja kutoka shinani, wala isiguse shina. Majivu ya jikoni konzi moja. Nyasi kavu juu. Fimbo zilizonenepa bure zikatwe. Bosi alikata huku anafumba macho.

"Mzee," aliniuliza siku moja tukiwa tumepiga magoti, "huu mti unajua nalala wapi?"

"Haujui, bosi."

"Mwambie."

Kila asubuhi kabla ya kunawa alikuwa ananitangulia bustanini, anainama, anapekua jani moja moja, anazisemesha rasiberi kwa Kigujarati. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba kupunguziwa bei. Wiki moja, ya pili, ya nne. Mvua ilikuwa inakaribia kuisha. Nilianza kuhesabu vitu vyangu: blanketi, sufuria, redio isiyo na betri.

Wiki ya sita nilishtushwa na ukelele. Nikatoka nikidhani kenge amerudi. Bosi alikuwa amesimama kwenye shina la tano, mikono kichwani. Pale kwenye ncha, katikati ya miiba, kulikuwa na kishada cha maua madogo ya rangi ya waridi, matano au sita, hayazidi ukubwa wa kifungo cha shati. Kabla sijasema neno alikuwa ameshaingia chumbani na kutoka na godoro kichwani, anapanda ngazi za baraza mbiombio.

Mama Daksha akafungua mlango. Akampita kama nguzo, akaja mpaka kwenye mti, akainama. Akanyoosha kidole, hakugusa.

"Mzee Nkwabi," akasema, "wewe unabaki."

Nikasema, "Ahsante, mama," nikajifanya naangalia mdudu.

Kisha akapanda ngazi, akasimama mbele ya mume wake na godoro lake.

"Ua si tunda," akamwambia, akaingia ndani.

Bosi akageukia dirisha la jikoni. "Paskazia, kutoka ua mpaka tunda ni siku ngapi?"

"Mwezi, bosi. Mwezi na kitu. Ila ndege watayamaliza kwanza, hapo panatakiwa wavu."

Uso wa bosi ukang'aa. "Wavu! Wavu si shida kabisa! Wavuvi wetu kule kiwandani wana nyavu te—"

Pazia la chumba cha Mama Daksha likasogea.

Nikampokea godoro upande mmoja, tukashuka nalo ngazi.