Ukurasa wa Mgonjwa Mwingine

Salwa ndiye aliyeipokea simu ya Luka, mkulima wa Mlali anayetibiwa katika kliniki moja ya macho mjini Dodoma.

"Dada, nimekosea tarakimu moja kwenye anwani ya ukurasa wangu, nikaona ugonjwa wa mama nisiyemjua. Na wangu nani anauona?"

"Tunarekebisha leo hii, kaka. Ahsante kwa kutuambia."

Mfumo ule wa kurasa za wagonjwa wa kliniki aliutengeneza yeye, peke yake, kwenye kiofisi cha chumba kimoja palepale mjini, mtaa wa Chang'ombe. Akaingia kwa akaunti ya majaribio, akabadilisha tarakimu. Kweli kabisa. Mfumo uliuliza kama mtu ana nywila. Haukuuliza kama ukurasa ni wake. Akabadilisha tena, ajue kosa limeenea kiasi gani, na hapo akakutana na jina: Mrisho Iddy, miaka sabini na moja, Kolo.

Baba yake. Miaka sita hawajazungumza, tangu Salwa alipoolewa na Damas, Mkristo, bila ridhaa ya mzee. Damas naye alikwisha kuondoka, yuko Mwanza na mke mwingine.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Upasuaji Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mtu wa kumsindikiza: hakuna.

Alisoma mara tatu. Kisha akaandika sharti lililokosekana: kila ukurasa umfungukie mwenyewe na daktari wake tu. Akaijaribu upya namba ya ukurasa wa baba yake. *Huna ruhusa ya kuona ukurasa huu.*

Jioni alipiga simu.

"Shikamoo, baba. Ni Salwa."

"Marahaba."

"Habari za afya?"

"Nzuri. Sina tatizo lolote."

Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Angesema kajuaje? "Ukija mjini, baba, mimi nipo. Namba yangu ndiyo hii."

"Nimesikia." Simu ikakatwa.

Alhamisi, saa tatu ilipogonga, Salwa alichukua mkoba, akafika mlangoni. Kliniki ilikuwa mwendo wa robo saa tu. Akarudi kuketi.

Mchana alikula wali maharage kwa mama lishe, simu kando ya sahani.

"Unasubiri simu ya nani, mwanangu?"

"Nina mgonjwa."

"Si uende ukamwone?"

"Hajaniambia kama anaumwa."

Mama lishe alimtazama kidogo, akaenda kuhudumia wengine. Simu haikuita siku ile, wala Ijumaa.