Usukani wa Hewani

Mume wangu aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni kwa miaka kumi na tisa, na wenzake walimbatiza jina la Taratibu kwa sababu hakuwahi kumpita mtu barabarani. Hata baiskeli, walisema, alikuwa anaipisha kwanza. Kiharusi hakikujali jina hilo. Kilimvamia asubuhi moja akifunga kamba za viatu, kikaondoka na nguvu za mkono wake wa kushoto. Msimamizi wa magari alituambia nafasi yake wataishikilia kwa miezi minne. Baada ya hapo, akasema kwa upole, atalazimika kutafuta mtu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali alikuwa dada mmoja mwembamba asiyependa porojo. Alimwonyesha namna ya kuuzungusha mkono, mara mia kwa siku. Taratibu alifanya siku tatu, ya nne akasema yeye si feni. Ndipo binti yetu akatuletea gemu la mashindano ya magari, lile ambalo unashika rimoti hewani kwa mikono miwili, unaizungusha kama usukani, na gari kwenye televisheni linakufuata. Dada wa mazoezi alilipenda.

"Azungushe mpaka mwisho," akaniambia. "Mkono wa kushoto ndio ufanye kazi, wa kulia usaidie tu."

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko sebuleni, hatua tatu kutoka kwenye televisheni, kwa hiyo nilikuwa shahidi wa kila ajali. Kona ya kwanza, ukutani. Akirudi barabarani, anaingia kwenye nyasi. Kwa wiki mbili, mwanamume ambaye hakuwahi kukwaruza bampa alikuwa anamaliza wa mwisho kati ya magari manane, tena wenzake wakiwa wameshafika zamani. Siku moja aliweka rimoti chini, akageuza kiti, akakaa anatazama ukuta. Chakula hakukigusa. Kesho yake vilevile.

"Mama watoto," akaniambia, akionyesha kile kigari kilicholala kwenye nyasi, "huyo siyo mimi."

Nasema wazi, uvumilivu ulinishinda. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nikikasirika lazima mikono ipate kitu cha kutengeneza. Alipoingia kuoga nilifungua mipangilio ya gemu, nikapekua mpaka nikauona mstari wa wepesi wa usukani, ule unaoamua gari ligeuke kiasi gani rimoti ikizungushwa. Nikausogeza mbele kidogo. Kwangu ilikuwa kama kulegeza uzi wa cherehani ili kitambaa kisijikunje, na kitambaa nani anakiomba ruhusa?

Jioni ile alipita kona ya kwanza. Akapita ya pili. Alimaliza wa sita, akaomba chai. Baada ya siku nne nikasogeza tena, akawa wa tatu. Mwishowe nikausogeza mpaka mstari ukaisha, akawa wa kwanza, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Akaanza kuimba bafuni. Akaanza kunitania kwamba mishono yangu imepinda kuliko hizo barabara zake. Mimi nilimpigia makofi, nikafurahi kweli, sikuwa naigiza. Ila mikono yake sikuitazama. Ningeitazama ningeona kwamba rimoti haikuwa inazungushwa tena. Alikuwa anaiinamisha kidogo tu kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto umekaa pale kama abiria.

Ile miezi minne ilipokaribia kwisha, alimpigia simu msimamizi mwenyewe. Jumatatu angekwenda kujaribiwa. Nilisikia kicheko cha yule bwana mpaka kwenye meza yangu. Alhamisi tukaenda hospitali kwa kipimo cha mwisho, Taratibu amevaa shati nililomshonea siku hiyo hiyo.

Dada wa mazoezi aliushika mkono, akauzungusha, akapima, akafungua daftari lake. Akapima tena.

"Mwezi uliopita ulifika digrii arobaini," akasema. "Leo ishirini na tano."

"Kipimo chako kimechoka," Taratibu akamjibu, anacheka. "Mimi kila siku nafanya saa nzima. Nashika namba moja."

"Baba, mkono huu haujafanya kazi mwezi mzima."

"Muulize mama watoto."

Wote wawili wakanigeukia. Niliingiza mkono kwenye mkoba, nikajifanya natafuta kitu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya mtu mwingine, na mwenyewe hakuwa na habari.

Tulipofika nyumbani hakuvua viatu, akasimama mbele ya televisheni.

"Ulifanya nini?"

Nilimweleza. Nikamwonyesha na ule mstari, maana sikuwa na pa kujificha tena.

"Urudishe ulipokuwa."

Nikaurudisha. Akakaa, akaanza. Kona ya kwanza, ukutani. Akaanza upya. Safari hii niliitazama mikono, na ule wa kushoto ulikuwa unatetemeka ukijaribu kupanda, haupandi. Ukutani tena. Akaiweka rimoti kwenye kochi.

"Nilitaka ule chakula," nikamwambia. "Ulikuwa unanifia hapo kwenye kiti."

"Na watu arobaini wa kwenye basi? Wao uliwatakia nini?"

Naapa sikuwahi kuwafikiria hata siku moja. Nilikuwa nawaza sahani yake tu, imerudi jikoni ikiwa imejaa au tupu. Nilitaka kumwomba radhi, lakini niliona aibu, kwa sababu radhi isingemrudishia ule mwezi.

Akachomoa simu mfukoni, akainyoosha kwangu.

"Mpigie."

"Baba watoto, zungumza naye mwenyewe, ni rafiki yako."

"Kudanganya ulijua. Mpigie."

Msimamizi alipokea upesi. "Shemeji, mwambie Taratibu basi tumeshaliosha. Wafanyakazi wameulizia mpaka nimechoka."

"Jumatatu hatakuja," nikasema. "Mkono umerudi nyuma."

"Umerudi nyuma vipi, shemeji? Juzi si ameniambia anashika namba moja?"

Taratibu alikuwa ameketi, mkono wa kushoto ameupakata, macho hayanitoki.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyeurudisha nyuma."