Picha za Msiba wa Baba

Saa nne na robo asubuhi Prisca alichomeka flashi kwenye kompyuta kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu mafolda yakatokea na vishale vidogo pembeni. Alibofya lililoandikwa MSIBA WA BABA. Dirisha jeusi likafumba na kufumbua kama kope, likatoweka.

Saa nane baraza la kata lingekaa Mpuguso. Jirani yao huko, Jairo, alikuwa ameng'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba, na kuchora mpaka mpya unaopita juu ya kaburi la baba yake Prisca. Masale yale yalionekana kwenye picha za mazishi ya mwaka 2019 tu, na picha hizo zilikuwa ndani ya flashi ile, basi.

"Zimekufa?" aliuliza mama yake, Agness, ambaye tangu alfajiri alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu.

"Sijui bado, mama."

"Hujui, na wewe ni mwalimu."

Prisca alifundisha hesabu sekondari na aliamini kinachopimika. Hata hivyo, mguu wake ulikuwa ukigongagonga sakafu bila yeye kuutuma. Jana, kwenye steshenari, mhudumu alimwambia flashi ina virusi, aifomati tu itapona. Alipeleka kipanya hadi kwenye neno hilo.

"Mwalimu, toa mkono hapo. Ukifomati, unafuta kila kitu."

Alikuwa Hafidhi, fundi kompyuta wa Msasani ya hapahapa Rungwe, ambaye Prisca alimpigia simu asubuhi. Alivua viatu mlangoni, akamsalimu mama shikamoo, kisha akakitazama kitambaa cha kufuma kilichokunjwa juu ya kompyuta.

"Mnaifunika ili virusi visione?"

"Hicho ni cha vumbi," Agness alisema. "Tengeneza, baba, maneno baadaye."

Hafidhi alionyesha mstari mmoja kwenye skrini. "Flashi ya gigabaiti nane. Zilizojaa?"

"Sita," Prisca alisema. Flashi isiyo na kitu haijazi gigabaiti sita. Namba hiyo ilikuwa mbele ya macho yake tangu asubuhi.

"Picha zipo. Zimefichwa tu, na hivyo vishale ni mitego. Kila ukikibofya kimoja, unakiita kirusi upya."

"Nilivifuta mara mbili."

"Unadeki na bomba linavuja. Mgonjwa wa kwanza ni kompyuta yenyewe." Aliichomoa flashi akaiweka mbali, juu ya redio. "Antivirusi ilisasishwa lini?"

"Niliizuia isijisasishe. Mwezi wa kumi na moja."

"Kwa sababu ya bando."

"Ilikuwa inamaliza bando."

"Rungwe nzima jibu ni hilo moja," Hafidhi alisema. Hakucheka.

Aliunganisha intaneti ya simu yake, akaiacha antivirusi ijisasishe, akaizima programu ngeni iliyokuwa ikijiwasha pamoja na kompyuta, kisha akaanza uchunguzi. Asilimia nne. Mvua ikaanza kupiga bati na taa ikafifia, ikarudi. Asilimia kumi na moja. Agness alitoka barazani, akarudi, akakaa, akasimama. Prisca alipiga hesabu ya mwendo wa bodaboda hadi Mpuguso kwenye matope, kisha akaipiga tena ingawa jibu lilikuwa lilelile.

Saa sita na dakika ishirini mashine ilikuwa imekamata vitu kumi na saba na kuvifuta. Hafidhi akaiwasha upya, akairudisha flashi, akaichunguza nayo, akaandika amri fupi kwenye dirisha jeusi. Mafolda halisi yakajitokeza, moja baada ya jingine.

"Ndaga," mama alisema kwa Kinyakyusa, akimshukuru, akasogea.

Picha ya arobaini na mbili ilionyesha kila kitu: jeneza, kaburi, na nyuma yake masale yamepanga mstari. Kaburi lilikuwa upande wao, mbali na mpaka. Prisca aliikuza picha. Ng'ambo ya masale ilisimama migomba ya Jairo, mahali ambapo leo palikuwa na miparachichi mitatu ya mama yake.

"Hiyo miparachichi uliipanda lini?"

"Funga hiyo, mwanangu. Tafuta nyingine."

"Zote zitaonyesha mstari huohuo."

Hafidhi alijishughulisha na nyaya zake. "Mwalimu, flashi usiirudishe steshenari," alisema taratibu. "Hamishia picha kwenye simu, uwatumie waichapishe."

Prisca aliihamisha picha ya arobaini na mbili bila kukata chochote pembeni. Mama yake alimtazama akifanya hivyo hadi mwisho.

"Na kaburi?" Agness aliuliza.

"Kaburi ni letu. Hapo hakuna ubishi."

Agness alikichukua kitambaa cha kufuma, akaifunika kompyuta, akakinyoosha pembe zote nne.

"Ita bodaboda," alisema. "Tusichelewe kunyang'anywa miparachichi."