Ndoo Iliyonyimwa Pumzi

Fundi Bomba alikuwa na sifa moja, na aliitaja hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza: miaka thelathini na moja ya kazi, na hakuna bomba lake lililowahi kuvuja. Basi siku wazazi wa mchumba wa bintiye walipokuja kupanga harusi, na maneno yakafika kwenye vinywaji, alijikuta amesema, "Mvinyo niachieni mimi. Nitautengeneza kwa mikono yangu."

Mkewe akaacha kumimina chai.

Baba wa mchumba, Mwalimu Mkuu mstaafu, mtu wa kupiga pasi hata soksi, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mke wa Mwalimu Mkuu hakutabasamu kwa upande wowote. Fundi akaelewa kuwa amejifunga mwenyewe. Mvinyo ukiharibika, binti yake ataingia katika nyumba ya watu akiitwa mtoto wa yule mzee wa maneno mengi.

Miaka yote mvinyo wa familia ulitengenezwa na shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea, lakini mdomo ulikuwa mzima. Akaja, akawekewa kiti ukumbi wa nyuma, akasema, "Mananasi yasubiri. Kwanza nione chombo."

Fundi akaleta sufuria kubwa ya alumini.

"Rudisha. Uchachu utaila hiyo sufuria, halafu wageni wanywe sufuria."

Akaviringisha pipa la buluu. Shemeji akaingiza kichwa ndani, akakitoa upesi. "Lilikuwa na nini?"

"Sabuni. Nimeliosha mara nne."

"Hata ukiliosha mwaka mzima. Plastiki ikishika harufu haiachii, kama wewe ukishika maneno."

Akaleta mtungi wa kioo, mzuri, wenye shingo nyembamba.

"Mananasi yataingia, sawa. Yakishavimba atayatoa nani? Uweke, utafaa tukishachuja."

Mwishowe mkewe akatoka jikoni na ndoo nyeupe ya lita ishirini, mpya, ya kuwekea chakula, yenye mdomo mpana na kifuniko chake. Shemeji akainusa, akaipapasa ndani akitafuta mikwaruzo, akaridhika.

"Hii. Ioshe kwa maji ya moto. Ukijaza usipite hapa," akapitisha kidole robo moja chini ya ukingo, "maana povu linataka nafasi. Na kifuniko kilaze tu, usikikaze. Mvinyo unapumua."

Fundi akaitikia ndiyo, ndiyo, kama wanaume wanavyowaitikia dada za wake zao.

Shemeji alipoondoka, ile robo tupu ikaanza kumsumbua. Aliiona ni hasara. Akakata mananasi mengine, akaongeza maji ya sukari mpaka ukingoni. Kikaja kifuniko. Kulaza kifuniko bila kukikaza, kwake yeye, ilikuwa kama kumwambia daktari aache kidonda wazi. Akakigonga kikaingia, akazungusha ule utepe mweupe wa kuzibia maungio ya bomba, mara tatu, halafu akafunga waya juu yake.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili kifuniko kilikuwa na kitambi. Siku ya tatu, mchana, kitambi kilikuwa cha miezi saba na waya unalia. Angeweza kuufungua, lakini kuufungua ni kumkubalia shemeji. Akaona njia nyingine. Akaikalia ndoo.

Mkewe akamkuta hapo. "Unafanya nini?"

"Napumzika."

"Viti vimeisha?"

"Hiki kiko chini chini. Mgongo unakipenda."

Ndoo ikanguruma.

"Mgongo wako una njaa," mkewe akasema.

Kabla hajajibu, mlango wa nyuma ukafunguka. Ni shemeji, na nyuma yake Mwalimu Mkuu ndani ya koti, aliyekutana naye langoni.

"Karibu, mzazi mwenzangu," Fundi akasema, akanyoosha mikono yote miwili, na asisimame.

Mkono wa Mwalimu Mkuu ukaishia njiani. Maishani mwake hata watoto wa darasa la kwanza hawakuwahi kumwamkia wamekaa. Fundi akajaribu kuinuka kidogo tu, upana wa kidole. Chini yake pakalia pssss. Akakaa tena.

"Sitakaa sana," mgeni akasema, na sauti yake ilikuwa baridi. "Mke wangu anaona tusiwasumbue kwa mvinyo. Tutanunua wa dukani. Na kwa mapokezi haya, naona hakukosea."

Neno hilo likamwingia Fundi penyewe. Akafikiria binti yake, kisha akamtazama shemeji.

"Nisamehe, mzazi mwenzangu. Si dharau. Nikisimama hapa tutaoga sote."

Akaeleza yote, robo aliyoijaza, utepe, waya. Shemeji alimsikiliza macho nusu yamefumba, kama mtu anayekunwa mgongo.

"Kifuniko kitobolewe," akasema Fundi alipokwisha kueleza. "Ila mtu aikalie ndoo wakati unaleta vifaa. Mimi magoti haya, na mdogo wangu ni mwepesi, itamrusha."

Wote wakamtazama Mwalimu Mkuu, ambaye Mungu alimjalia uzito. Mwalimu Mkuu akaitazama ndoo. Akavua koti, akalikunja, akamkabidhi mama wa bibi harusi.

"Tunabadilishanaje?"

"Mimi natokea kulia, wewe unaingia kushoto."

"Nitahesabu mimi," akasema. "Moja. Mbili."

Wakapishana kwa tatu, na ndoo haikuwahi kustuka.

Fundi akarudi na keekee, kipande cha mpira mwembamba na kishikizo chake. Akaweka ncha ukingoni mwa kifuniko, karibu na paja la mgeni, na mkono ukagoma. Hajawahi kutoboa kitu ili kivuje.

"Toboa, shemeji," dada mtu akasema taratibu. "Hatutamwambia mtu."

Akatoboa. Povu la manjano likaruka likalowesha suruali ya Mwalimu Mkuu mpaka kwenye mkanda. Mama wa bibi harusi akajificha uso kwenye koti, na koti likatikisika. Mwalimu Mkuu akabaki amekaa wima. Baadaye akalamba mgongo wa mkono wake, akafikiri.

"Mananasi mangapi?"

"Kumi na sita."

"Mh." Akalamba na kidole.

Pumzi ilipokwisha kutoka, wakakata waya, wakachota ile robo wakaimwaga bustanini. Fundi akachomeka mpira kwenye tundu, ncha ya pili akaizamisha ndani ya chupa ya maji, pumzi itoke na wadudu wasiingie. Chupa ikaanza: bluk. Kimya. Bluk. Mwalimu Mkuu akatazama saa yake. "Kila sekunde nne," akasema. Akaenda kwao ndani ya suruali ya kazi ya Fundi, iliyomwishia juu ya vifundo, na habari za mvinyo wa dukani hakuzigusa tena.

Jumanne akairudisha suruali, imefuliwa na kupigwa pasi. Safari hii alikuja na mkewe. Mama yule alikwenda moja kwa moja kwenye chupa, akainama, akatazama muda mrefu.

"Mbona inakwenda polepole?"

Fundi akafungua mdomo, lakini Mwalimu Mkuu akamwahi. "Inatulia, mama. Leo ni sekunde saba. Ndivyo inavyotakiwa."

Mama akanyooka, akaipima ndoo kwa macho. "Hii moja tu, kwa watu wote wale?"

Fundi akaanza kuhesabu wageni kwa vidole.

"Mimi ninazo mbili, zilikuwa za unga," mama akasema. "Semeni nani atakuja kuzibeba, maana huyu wangu sasa kazi yake ni kuhesabu mapovu."