Mita Kumi za Mjomba Jairo

Jumanne saa mbili asubuhi, Marita alimvalisha mwanawe Baraka soksi mbili mbili, akaketi kumngoja mdogo wake Jairo, aliyefariki mwaka 2004.

Jairo alifika kwa miguu kutoka Masukulu, alikozikwa kwenye migomba ya baba yao, mabega yakiwa na udongo. Enzi za uhai wake aliacha kutembea akiwa na miaka tisa. Tangu azikwe alitembea bila taabu, na ndiye aliyembeba mpwa wake penye safari.

"Umenenepa," alisema, akimweka mgongoni. "Unakula ndizi za nani?"

"Zako, mjomba. Wewe huzihitaji."

Katika ukumbi mmoja pale Ibighi, watafiti walikuwa wameleta dawa ya kurekebisha kasoro ya kurithi inayokausha misuli ya watoto wa kiume. Kasoro hiyo hupitia kwa mama. Jairo aliipata kwa mama yao, Baraka kwa Marita. Nafasi ilibaki moja. Vigezo vilikuwa vitatu: umri usiozidi miaka kumi na mitano, kasoro ionekane kwenye damu, na mgonjwa atembee mita kumi bila kushikwa.

Muuguzi Hellen alibandika utepe sakafuni. Baraka, miaka kumi na miwili, aliutazama toka mwanzo hadi mwisho.

"Siwezi," alisema.

Hellen akaandika hivyo, kisha akamgeukia Jairo. "Na wewe ni wa ukoo huu? Umeishi miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

Alimpima joto, akapata nyuzi kumi na saba. Alipima tena, akaandika kumi na saba. Akamtoa damu. Mita kumi Jairo alizimaliza kwa sekunde sita.

"Lakini mimi ni marehemu," alisema, maana hakupenda kudanganya.

Daktari alipekua fomu, kurasa zote nne. "Hilo hatuliulizi."

"Basi nafasi yangu mpeni mpwa wangu."

"Haihamishwi. Asiyetembea tutapimaje kama dawa imemsaidia?"

"Miaka mitatu iliyopita alikuwa anatembea," alisema Marita. "Mlikuwa wapi?"

"Maabara, mama."

Majibu ya damu yalirudi baada ya wiki sita: kasoro ilikuwepo. Jairo alitundikiwa dripu, Baraka akiwa pembeni kwenye benchi, amemshikia shati. Waliporudi, mlima ambao Jairo alizoea kuupanda na Baraka mgongoni akipumzika mara tatu, safari hii aliupanda bila kusimama.

Taarifa ya watafiti ilisema mgonjwa ameongezeka nguvu, madhara hakuna. Marita aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia.

Mwaka uliofuata mikono ya Baraka haikuweza tena kushika mabega ya mjomba wake. Marita alishona mbeleko ya kitenge, akaipiga mshono mara mbili, akamfunga mtoto mgongoni mwa Jairo.

"Ndaga, dada," alishukuru Jairo.

Wakashuka Ibighi. Ilikuwa siku ya Jairo kupimwa.